Mbuzi wa Sikio Jeusi

Kitengela,
Jumatatu, 25 Mei

Mpenzi wangu Kiragu,

Leo ni siku ya thelathini na saba tangu tufunge ndoa pale Kajiado, na ni siku ya kumi na moja tangu vitunguu vyako vikuite Kimana. Bado nikiandika "mume wangu" mkono unatabasamu. Najua mkono hautabasamu. Wangu unatabasamu.

Usicheke kwamba nakuandikia barua na simu ipo. Kwenye simu unasema "sawa" mara tisa, halafu unasema chaji imeisha. Mbaluka anashusha nyanya hapa mara mbili kwa wiki, na amekubali kubeba barua zetu chini ya kiti cha lori mradi nisizitie manukato. Nilikuwa nimeshatia. Nusa.

Sasa nikueleze kwa nini leo nimekaa juu ya jiwe nikashika kichwa. Unajua "Mbuzi wa Ambiyo" ni filamu yangu ya nne, na ni ya kwanza kupita saa moja. Kijana maskini anampenda Ambiyo, binti wa mfanyabiashara wa mifugo. Baba hataki hata kumsikia. Lakini kuna mbuzi mweupe mwenye sikio moja jeusi, hakubali kushikwa na mtu yeyote ila huyo kijana, na kwa ajili ya mbuzi baba anaanza kulegea mpaka harusi. Mbuzi ndiye kila kitu! Nimempiga picha siku nane. Niko na mbuzi akila, mbuzi akikimbia, mbuzi akimtazama bibi harusi kwa huruma.

Leo asubuhi nimemkuta Mzee Isaak anakunywa chai nje ya boma lake. Unakumbuka yeye anauza mifugo kweli, na ndiye anaigiza baba.

"Mzee, mbuzi yuko wapi?"

"Yupi?"

"Yule wa filamu!"

"Ah, huyo. Amekwenda."

"Amekwenda wapi?"

"Binti, keshokutwa ni Idi. Wewe unafikiri mbuzi anakwenda wapi?"

Kiragu, nilitaka kulia. Akaniambia nisikasirike, kwamba alipata bei nzuri kwa sababu yangu, maana mnunuzi aliona mbuzi amezoea watu. Nimemfundisha mbuzi adabu, akaliwa.

Na huyu ndiye mzee ninayemtegemea. Samsam, anayeigiza Ambiyo, ni binti yake wa kuzaa, na haigizi kama baba yake hayupo. Yonis, yule kijana anayetengeneza simu karibu na steji, ndiye anaigiza mchumba. Kamera ikizimwa Mzee hamsalimii Yonis. Miaka minne iliyopita aligombana sokoni na baba yake Yonis kuhusu ng'ombe wagonjwa waliochanganywa na wazima, akaapa mbele ya watu wote kwamba hakuna binti yake atakayeingia katika nyumba ile. Na bado ni yeye mwenyewe aliyeniambia nimchukue Yonis. "Chukua huyo," alisema, "ana uso wa maskini." Siwaelewi hawa watu.

Onyesho ni Jumamosi tarehe 27 Juni, katika ukumbi nyuma ya duka la mbao. Ondiek, yule anayezungusha filamu mashuleni na kwenye kumbi za miji, atakuja kutazama. Akiipenda, ataipeleka Kajiado, Namanga mpaka Loitokitok. Amenionya kwamba filamu isiyo na mwisho haibebi. Kwa hivyo nahitaji harusi, na kabla ya harusi nahitaji mbuzi. Nitafutie hapo sokoni Kimana: mweupe, sikio la kushoto jeusi. La kushoto, mpenzi!

Na uje tarehe 27. Ukikosa kuja nitaolewa na Mbaluka.

Wako hadi nywele ziwe nyeupe,
Keziah

---

Kimana,
Jumatano, 3 Juni

Mke wangu Keziah,

Barua imefika. Mbaluka anasema lori lote linanuka kama saluni.

Jana ilikuwa siku ya soko. Nilitembea kutoka asubuhi. Wa sikio la kulia jeusi nilimwona. Wa masikio mawili meusi niliwaona watatu. Mama mmoja wa Kimaasai alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama mke wangu ananitesa. Mwisho nimempata. Mweupe, sikio la kushoto jeusi. Usiulize zaidi.

Nimemkabidhi Yonis, aliyekuja na Mbaluka kumchukua. Ni kijana mzuri, hasemi sana. Yeye naye amenunua mbuzi sita, majike wote, wazuri kuliko wangu. Nilimuuliza wa nini, akasema ni wa filamu.

Vitunguu vimeanza kulala majani. Nitavuna kabla ya tarehe 20. Nitakuja.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja.

Kiragu

---

Kitengela,
Jumatatu, 8 Juni

Kiragu wangu wa dhahabu,

Umeandika "zaidi ya mara moja"! Caro, mpiga picha wangu, anasema hiyo si barua ya mapenzi, ni risiti. Hajui kusoma kati ya mistari. Mimi nimesoma hapo mara kumi na mbili.

Mbuzi amefika na ni yeye kabisa! Ila ana harufu ngeni kidogo kichwani na hapendi manyunyu, tunamfunika gunia. Hao wengine sita sijawaona, na filamu haikuhitaji mbuzi sita. Labda Yonis alitaka kuonekana mkubwa mbele yako.

Harusi tumeipiga Jumamosi. Nimechoka mpaka kucha zinauma. Mapema, Ugbad, dada yake Mzee, alikuwa amenivuta pembeni. "Keziah, kwetu maneno ya nikahi hayachezewi. Baba yupo, sheikh yupo, mashahidi wapo, watu wakiyasema wameyasema." Nikamwambia asiogope, nimeshakubaliana na sheikh: watatumia majina ya filamu tu, Ambiyo na Abdiladif. Hao si watu, ni karatasi. Ugbad akanitazama sana, akasema, "Haya, mwalimu."

Basi tukaanza. Mzee amekaa na kofia yake nzuri, sheikh wa mtaani kwao kando yake. Mzee anafungua mdomo: "Nimekuoza binti yangu Samsam..."

"Kata! Mzee, ni Ambiyo."

"Eh, pole. Ambiyo."

Tukarudia. "Nimekuoza binti yangu Samsam..." Tena! Mara saba, Kiragu! Na badala ya Abdiladif anasema Yonis, na jina la baba yake Yonis juu yake. Kwenye mswada nimeandika mahari ni ngamia kumi, yeye anasema mbuzi sita. Hata ndani ya filamu anataka kuonekana mtu wa bei nafuu! Samsam naye niliandika anyamaze kwanza kwa aibu. Hakuniachia hata nusu dakika ya kunyamaza. Sheikh hajamaliza kuuliza, yeye "Nimekubali!" mpaka Caro akaruka. Nikamgeukia sheikh anisaidie kuwakumbusha, sheikh akashikwa na kikohozi.

Mara ya saba jua lilikuwa linaondoka dirishani. Mzee akasema, "Binti, nimeshasema. Chukua hiyo." Nikachukua hiyo. Majina nitayarekebisha kwenye kompyuta.

Lakini nikwambie ukweli, pamoja na hasira zote, Yonis alipojibu nililia. Nilikuona wewe pale mbele ya kanisa na suti ya kaka yako, mikono mirefu imezidi, unasema "ndiyo" kwa sauti ya mtu anayeagiza mbolea. Sijawahi kusikia neno tamu hivyo.

Mkeo (mkeo! mkeo!),
Keziah

---

Kitengela,
Alhamisi, 11 Juni

Kiragu,

Kumeharibika.

Jana sheikh alikwenda kwa Mzee Isaak akiwa na wazee wawili, akamwambia mbele yao kwamba amelitafakari jambo la Jumamosi na haoni njia nyingine: baba alisema, kijana alijibu, binti alikubali, mashahidi walisikia, majina yalikuwa yao na mahari ilitajwa. Samsam na Yonis ni mke na mume.

Mzee ametoka nje na kupiga kelele mpaka wauza mitumba wakaacha kazi. Anasema amedanganywa na binti wa kamera. Anasema nilimchosha kwa kumrudisha mara saba mpaka ulimi ukapotea. Mimi! Niliyekuwa namwambia Ambiyo, Ambiyo, Ambiyo! Leo nimepita karibu na boma lake, watu wakanyamaza. Mwanamke anayeniuzia maziwa ameniambia, "Kumbe wewe ni wa kuoza watoto wa wenyewe?"

Amekataza filamu isionyeshwe. Ukumbi nimeshaulipia, Ondiek nimeshamthibitishia, na bila harusi sina mwisho. Kazi ya miezi saba.

Nimemuuliza Samsam kama amedhulumiwa, kama anataka tumtafute sheikh mwingine. Alikuwa anapiga pasi. Akasema, "Usijisumbue, dada," akaendelea kupiga pasi. Nadhani ni mshtuko.

Najiona mwenye dhambi. Mimi niliyeolewa kwa raha hivi, nimemfungia msichana wa watu ndoa kwa makosa. Niandikie haraka. Niandikie kitu kirefu.

Keziah

---

Kimana,
Jumatatu, 15 Juni

Mke wangu,

Pole sana. Nimesoma barua zote mbili pamoja, moja baada ya nyingine, nikiwa juu ya magunia.

Niko na maswali matatu. Yonis alinunua mbuzi sita hapa siku nne kabla ya hiyo harusi. Mzee alijuaje atasema sita?

La pili. Mwaka jana nilimkuta Isaak soko la Ewuaso Kedong. Alinitajia bei ya dume aliyeuza mwaka niliomaliza darasa la nane, na rangi yake, na jina la mnunuzi. Mtu kama huyo anasahau jina la Ambiyo mara saba?

La tatu. Uliniambia ni nani aliyemchagua Yonis.

Mimi ni mtu wa vitunguu. Itazame tena hiyo picha.

Kiragu

---

Kitengela,
Alhamisi, 18 Juni

Bwana Kiragu,

Nilikuandikia kwa machozi, ukanijibu kwa maswali ya mtihani. Niliomba kitu kirefu! Mume mwingine angesema, "Mpenzi wangu, nakuja na lori la kwanza." Wewe unaniuliza habari za mbuzi. Nilikunja barua yako nikaiweka chini ya sufuria.

Saa kumi jioni.

Nimeitoa chini ya sufuria.

Nimekaa na Caro tukatazama zote kuanzia mwanzo. Sikuwa nimeitazama ile ya kwanza kabisa, ya kabla ya zile saba: Caro aliinasa nikiwa bado nje namfunga mbuzi, Mzee akaishia katikati, nikadhani imeharibika. Kiragu, katika ile ya kwanza anasema "Ambiyo." Anasema vizuri, wazi, kama nilivyoandika. Anamtazama sheikh. Sheikh anatazama dari. Mzee anasafisha koo, anasema, "Nianze tena," na kuanzia hapo ni Samsam mpaka mwisho.

Caro amesema, "Keziah, yaani katika harusi hii mgeni ni wewe peke yako."

Aliapa mbele ya soko. Hawezi kurudi mbele ya soko lilelile na kusema nimebadilika. Kwa hivyo akatafuta mtu wa kulaumiwa, akaniona mimi na kamera yangu na furaha yangu, akasema huyu atafaa. Ana uso wa asiyejua kitu. Na Ugbad alijua! "Haya, mwalimu"! Na huyo sheikh na kikohozi chake! Samsam na pasi yake!

Ningeweza kwenda sokoni na kompyuta na kuwaonyesha wote ile ya kwanza. Ningesafishika siku moja. Nimekaa na wazo hilo tangu saa nane, na kila nikilishika namwona Samsam anapiga pasi.

Nisamehe kwa "Bwana Kiragu." Wewe una akili nyingi kuliko wazee wote wa Kitengela na nakupenda hadi inanichosha.

Keziah

---

Kitengela,
Jumamosi, 20 Juni

Mzee Isaak,

Shikamoo. Barua hii inaletwa na Ugbad mkononi.

Nimetazama picha zote za siku ya harusi. Ile ya kwanza pia, ambayo ulisema Ambiyo kabla ya kukumbuka kusahau.

Sijamwonyesha mtu ila Caro, na Caro hasemi. Sitamwonyesha mwingine. Lakini umenipaka matope mtaa mzima, Mzee, na filamu yangu ni tarehe 27. Naomba ruhusa yako, na ya Samsam na Yonis, niionyeshe pamoja na harusi.

Kwa heshima,
Keziah wa Kiragu

---

Kitengela,
22 Juni

Binti wa kamera,

Salaam. Mimi si mtu wa kuandika, Ugbad ndiye ameandika, mimi nasema.

Mambo ya picha sijui. Lakini nasikia picha inaweza kukatwa. Kama kuna mahali sauti yangu inasema majina, hapo pafanyiwe kitu. Watu wa soko watakuja. Wale walionisikia nikiapa wote bado wazima na wanakumbuka vizuri sana. Wakisikia ulimi wangu ulitaja mara moja kwa kuchoka, hiyo ni bahati mbaya ya mzee. Wakiona nilitaja nikiwa nimetulia vile, hiyo ni kitu ingine.

Binti yangu alikataa wanaume watatu kwa sababu ya huyu. Miaka minne hakunitilia sukari kwenye chai. Wewe umeolewa juzi, hujui nyumba yenye msichana kama huyo.

Ruhusa nimetoa. Vijana pia wametoa. Lakini lazima niendelee kukasirika mpaka Jumamosi, usisikie vibaya. Nitakuja na kiti changu, viti vya ukumbi vinavunjika.

Isaak

Mimi Ugbad naongeza: uliigiza vizuri kutuzidi sisi wote.

---

Kitengela,
Jumatatu, 29 Juni

Mume wangu,

Umeondoka alfajiri na Mbaluka, na mto wako bado una shimo la kichwa. Sijautikisa. Barua hii itakukuta huko Kimana, utaisoma juu ya magunia, na ninataka uwe peke yako kwa sababu mwishoni kuna mashtaka.

Kwanza acha nifurahi. Ukumbi ulijaa! Ondiek alicheka mpaka akavua miwani! Ataanza nayo Kajiado mwezi ujao, halafu Namanga, halafu Loitokitok, karibu na kwako, na nitakuja nayo na nitalala kwenye magunia yako ya vitunguu. Nilikushika mkono muda wote, na wewe ulikaa kama mtu aliye kwenye foleni ya benki, lakini ile sehemu ya harusi ulinibana vidole. Nilihisi.

Hukujua nilichofanya hapo kwa sababu nilikuwa naogopa kukuambia kabla. Majina sikuyakata. Nikiyakata, picha inakatika na Mzee anaonekana anaruka kama panzi. Nilimwita Ugbad nyumbani kwangu, nikamweka mbele ya kinasa sauti, nikamwambia, "Ulijua, ukaninyamazia. Sasa lipa. Piga vigelegele." Akapiga mpaka jirani akaja kuuliza nani ameolewa. Nikavilaza juu ya majina. Kwa hivyo Mzee anafungua mdomo, anasema "nimekuoza binti yangu," halafu vigelegele, na vikitulia Yonis anajibu. Ile ya kwanza nimeifuta. Caro alinishika mkono, nikaifuta tu.

Ulikuwa umetoka kuwasaidia kubeba viti pale Mzee aliposimama baada ya taa kuwashwa, kwa hivyo nikusimulie. Alisimama na kiti chake mkononi. Soko lote likamtazama. Baba yake Yonis alikuwa mlangoni, hajui aingie au atoke. Mzee akasema, kwa sauti ile ya mnada:

"Wote mmeona. Huyu binti alinichosha mara saba. Mimi niliapa, na sijavunja kiapo changu. Ni kazi ya kamera. Lakini lililotokea limetokea, na mimi si mtu wa chuki." Akanigeukia. "Binti, mbele ya watu hawa, nimekusamehe."

Kiragu! Amenisamehe! Mimi! Watu wakapiga makofi! Yule wa maziwa akafuta machozi! Caro alinikanyaga mguu nisiongee. Nikamwona Samsam nyuma ya baba yake, amevaa kitambaa kipya, ananitazama kama mtu anayeshikilia pumzi. Nikainama, nikasema, "Asante, Mzee. Nashukuru kwa moyo wako mkubwa."

Akanikodolea macho kidogo. Halafu akaenda mlangoni, akampa mkono baba yake Yonis, na hao wawili wakaanza hapohapo kubishana habari za ng'ombe wale wagonjwa kama hawajawahi kuacha.

Sasa mashtaka.

Leo mchana Yonis amefika mlangoni na mbuzi wa filamu amemfunga kamba. Akasema, "Dada, Mzee amemtuma huyu. Amesema ni wa msamaha."

Nikamuuliza, "Nani anamsamehe nani?"

Akasema, "Hilo hakusema," akacheka, akakimbilia kwa mke wake.

Mbuzi nimemfunga kwenye mti wa mpera. Manyunyu yakaanza, na gunia lake la kujifunika sikuwa nalo karibu. Nilipotoka tena alikuwa amesimama anatafuna khanga yangu, na shingoni maji meusi yanamtiririka. Nikamsogelea. Nikashika sikio la kushoto. Vidole vyangu vikawa vyeusi, vinanuka rangi ya viatu.

Sikio ni jeupe, Kiragu. Yote mawili ni meupe.

"Usiulize zaidi," uliandika. Kumbe wewe pia! Ulikaa huko ukimchambua Mzee wa watu kwa maswali yako matatu, na brashi ya viatu iko mfukoni mwako! Nimetengeneza filamu nzima na hakuna aliyeniambia ukweli, hata mbuzi.

Nimecheka mpaka nikakaa kwenye matope. Halafu nimewaza umekaa mahali peke yako, baada ya kuzunguka soko lile siku nzima, umemshika mbuzi wa watu kichwa, unampiga brashi sikio la kushoto, la kushoto, kwa sababu mkeo alisema. Ondiek ameniuliza filamu inayofuata itahusu nini. Nimemwambia niko na wazo.

Nataka barua ndefu. Kurasa mbili. Ungama kila kitu.

Mkeo, ambaye bado hajakusamehe,
Keziah

---

Kimana,
Ijumaa, 3 Julai

Keziah,

Sawa.

Ilikuwa makopo mawili. La kwanza alililamba.

Nakupenda sana. Nitaandika kurasa hizo mbili Jumapili, leo tunapakia.

Kiragu